Usinunue Joka

Kamati ilikuwa imekusanya shilingi 14,500 za zawadi, na mwalimu wetu wa zamani alikuwa amebakiza wiki sita astaafu. Tulikutana kwenye hoteli moja pale Malili, zile hoteli za chai ya birika ambazo mlango wake unatazamana na barabara ya Mombasa, na kila lori likipita unanyamaza kwanza, kisha unamalizia ulichokuwa ukisema. Mama mwenyekiti akatoa simu, akanisukumia mezani. Kwenye kioo kulikuwa na kalamu ya wino nene kama kidole gumba, joka la rangi ya dhahabu limejizungusha mwili mzima, macho yake vijiwe viwili vyekundu.

"Hii ndiyo saizi ya mwalimu mkuu," akasema. "Na ni dhahabu, karati kumi na nane. Soma hapo kwenye nibu."

Nikasoma. Palikuwa pameandikwa 18KGP.

"Mwaitu," nikamwambia, "hiyo si dhahabu. Hicho ni chuma kilichopakwa dhahabu."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa mbuzi wake ni mbwa. Sikumlaumu. Miaka mingi nyuma nami niliinunua dhahabu ya aina hiyo kwa mchuuzi mmoja jijini, kwa bei ambayo sitaitaja hapa kwa sababu mke wangu husoma makala haya. Niliifuta kwa leso kila jioni kwa mapenzi, mpaka siku moja nikaona dhahabu imehamia kwenye leso.

Kwa kuwa swali la mama mwenyekiti naulizwa na wengi siku hizi, maana kalamu za wino za Kichina zimejaa kwenye maduka ya mtandaoni na bei zake zinaanzia za soda na mkate hadi za mbuzi beberu, acha nilijibu kwa utulivu. Kalamu ya Kichina ya kifahari ni ipi? Jibu langu ni kwamba ni ile ambayo fundi ametumia fedha mahali ambapo mnunuzi hapaoni. Ukishajua mahali hapo, macho mekundu ya joka hayatakusumbua tena.

Tuanze na hizo herufi, kwa sababu ndizo zinazowaliza watu. Dhahabu tupu ni karati 24. Ikiandikwa 18K, maana yake katika sehemu 1,000 za madini hayo, 750 ni dhahabu; ikiandikwa 14K, ni 585, na nibu nyingi za dhahabu hugongwa namba hiyo hiyo 585. Lakini zikiongezwa herufi GP, habari imebadilika: ni chuma cha pua kilichovikwa utando wa dhahabu mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Jinhao, kampuni ambayo kalamu zake ndizo utakazokutana nazo kwanza, imegonga 18KGP kwenye nibu za X450 na X750 kwa miaka mingi. Haikudanganya mtu. Herufi ziko pale, sisi ndio hatuzisomi. Na kusema kweli X750 ni kalamu njema kwa bei yake: mwili wa shaba, nibu kubwa ya chuma inayotiririsha wino vizuri. Kosa ni kuilipia kama dhahabu. Vivyo hivyo, maandishi ya kujisifu kwamba ncha ni ya iridi kutoka Ujerumani usiyahesabu kuwa kitu. Yamegongwa kwenye kalamu za bei ya kutupa kwa miongo mingi.

Sasa utaniuliza, dhahabu yenyewe ina faida gani? Zamani ilikuwa na faida kubwa. Wino wa kale ulikuwa na asidi, ukila nibu ya chuma mpaka ikatoboka, na dhahabu haishiki kutu. Chuma cha pua kilipokuja, sababu hiyo ikapungua nguvu. Tena, sehemu inayogusa karatasi si dhahabu hata kwenye kalamu ya bei ghali kuliko zote duniani. Ni kijipunje cha madini magumu ya jamii ya iridi, kilichochomelewa kwenye ncha, kikapasuliwa katikati kwa msumeno mwembamba, kisha kikasuguliwa mpaka kikawa laini. Kijipunje hicho, kidogo kuliko mbegu ya mchicha, ndiyo kalamu nzima. Kila kingine ni mpini.

Kwa hiyo ukipewa kalamu uikague, usianze na kifuniko wala klipu. Fungua kamera ya simu, vuta picha ya ncha karibu uwezavyo. Je, nusu mbili za kijipunje zinalingana, au moja imepanda juu ya nyingine kama meno ya sungura? Mpasuo umenyooka? Geuza nibu juani: uzi mwembamba wa mwanga upite katikati ya mpasuo, ukipungua kuelekea nchani. Kisha tazama chini ya nibu, kuna kiulimi cheusi chenye mapezi. Hicho ndicho kinachopitisha wino kwenda na hewa kurudi. Kiulimi kikiwa kimekaa upande, hata nibu ya almasi itagoma. Nimekutana na kalamu za shilingi 600 zilizofaulu mtihani huu, na za 6,000 zilizoanguka vibaya. Kwenye viwanda vya bei ya chini ukaguzi ni mchache, kalamu ya kwanza tamu, ya pili inakwaruza kama ukucha kwenye mabati. Ukilipa zaidi, unachopaswa kulipia ni mtu wa pili aliyeiandikia kabla haijatiwa kwenye boksi.

Hapo nikamtajia mama mwenyekiti jina ambalo wazee wetu wengine wanalijua: Hero. Baba yangu alikuwa nayo moja ya kijani kibichi, kifuniko cha fedha, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Kiwanda chenyewe kilianza Shanghai mwaka 1931 kwa jina lingine, na kikalichukua jina la Hero, yaani shujaa, mwaka 1966. Kabla ya hapo kila mtu duniani aliyetaka kutengeneza kalamu alikuwa akiitazama Parker 51 ya Wamarekani, iliyotoka mwaka 1941, na mwaka 1958 mafundi wa Shanghai walijitangazia kampeni ya kuifikia Parker. Waliichukulia kwa uzito kiasi kwamba hata filamu ikatengenezwa juu yake. Tunda la juhudi zile ni Hero 100, na ingali inauzwa mpaka leo.

Nibu yake ni dhahabu ya karati 14, kweli kweli, bila GP. Lakini imefichwa. Shingo ya kalamu imeifunika yote, ikabaki ncha peke yake ikichungulia kama pua ya kobe. Mama mwenyekiti alipoiona picha alisonya. "Sasa dhahabu ya kuficha ni ya nini?"

Swali zuri, na jibu lake linatuhusu sisi wa Malili kuliko watu wa Shanghai. Nibu iliyofunikwa haikauki upesi. Huku kwetu Januari na Februari upepo unapita kwenye mbuga bila kizuizi, vumbi la barabara linaingia mpaka kwenye sufuria lililofunikwa, na nyumba ya mabati saa nane mchana ni tanuri. Kalamu ya wino yenye nibu pana iliyo wazi ukiiacha mezani bila kifuniko wakati unafikiria sentensi, ukirudi imenuna. Ndiyo maana kwangu mimi kifuniko kisichopitisha hewa ni anasa kubwa kuliko laka wala vito. Kipime hivi: jaza wino, funika, iache kalamu wiki nzima bila kuigusa, kisha andika jina lako. Ikianza na herufi ya kwanza, umepata mali. Ikianza na ya tatu, rudisha kama bado siku za kurudisha hazijapita. Nimezipima nyingi kwa njia hii, na zile zenye kifuniko cha ndani kinachosukumwa na springi hukaa na wino mbichi hata majuma kadhaa, wakati dada zake za mtindo wa kubonyeza na kuvuta zimeshakauka.

Kuna aina ambayo vijana wanaipenda, Majohn A1, kampuni iliyojulikana zamani kama Moonman. Haina kifuniko kabisa; unabonyeza kitako, nibu inatokeza kupitia kimlango kidogo. Wazo hilo wamelichukua kwa Pilot wa Japani, waliotoa kalamu yao isiyo na kifuniko mwaka 1963. Ni kalamu ya kupendeza, na kwa daktari au karani anayeandika mistari miwili miwili kutwa nzima inafaa sana. Kwa mtu wa kwetu anayesafiri nyuma ya bodaboda, kimlango kile na vumbi letu sivipatanishi.

Jambo jingine ambalo maduka hayakuambii: kalamu nyingi za Kichina huandika mstari mwembamba kuliko za Wazungu. Herufi ya Kichina inaweza kuwa na mistari ishirini ndani ya mraba mmoja mdogo, na nibu nene ingeifanya doa, kwa hiyo watoto wao wa shule hutumia nibu za milimita 0.38 hivi. Hii imetuangukia sisi kama mvua ya bure. Karatasi ya madaftari yetu, hata Kasuku tuliyokua nayo, haikutengenezwa kwa wino wa majimaji; nibu nene inaufanya wino usambae kama mizizi ya mgunga na kupenya upande wa pili. Nibu nyembamba ya Kichina inapita juu yake kwa heshima. Basi ukiona kwenye tangazo nibu pana imeandikwa kuwa ndiyo ya kifahari, jiulize utaiandikia karatasi gani. Zile nibu zilizopindwa ncha kama pua ya kiatu cha sultani ni za sanaa ya mwandiko. Mnunulie msanii.

Kisha kuna safari. Malili iko kilomita 60 hivi kutoka Nairobi, lakini wengi wetu tuna ndugu Mombasa, na kati ya bahari na hapa mtu amepanda zaidi ya mita 1,500. Hewa iliyofungiwa ndani ya kalamu pwani hutanuka kadiri unavyopanda, na inapotanuka inasukuma wino. Ndiyo sababu ya lile doa la samawati kwenye shati lako jeupe uliposhuka Emali. Safiri na kalamu iliyojaa pomoni au tupu kabisa, isiwe nusu, na nibu itazame juu. Au nunua zile za kuvuta wino kwa ombwe, kwa mfano Asvine V126 au Wing Sung 3013: zina ufito ndani wenye kizibo, ukikaza kitasa cha nyuma wino unafungiwa usifike kwenye nibu, ukitaka kuandika kirefu unakilegeza. Hapo fundi ametumia akili na fedha ndani ya tumbo la kalamu. Namheshimu huyo kuliko wa joka.

Mama mwenyekiti bado hakuwa ameridhika. Akaleta hoja nzito: "Lakini hizi zote si wamewaiga Wazungu? Utampa mwalimu kitu cha kuiga?"

Ni kweli Jinhao 159 na 9019 zimekatwa kwa umbo la Montblanc ile kubwa nyeusi, na Jinhao 82 inafanana na Sailor ya Kijapani kama pacha. Lakini sisi Wakamba tuwe waangalifu tunapomcheka mwigaji. Uchongaji wa vinyago wa pale Wamunyu, unaotajwa dunia nzima, tunasimuliwa kuwa ulianza na Mutisya Munge, aliyetoka kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa amewaona Wazaramo wa Tanganyika wakichonga, akaja nyumbani kufanya vile. Aliiga. Waliomfuata wakamwiga yeye, mpaka kila kibanda cha watalii kati ya Voi na Nairobi kikawa na twiga yule yule. Fundi hujifunza kwa kuiga. Hiyo si aibu. Uhalifu ni kugonga jina la mwenzio juu ya kazi yako, na kalamu za namna hiyo zipo, tena hata Hero wenyewe wameibiwa: Hero 616, kalamu ya watu wa kawaida, imeghushiwa mno kiasi kwamba ukiikuta sokoni kwa bei ya kushangaza, shangaa kweli.

Mimi nina kipimo changu hapa, nacho si cha sheria. Ukijinunulia mwenyewe, iga lolote. Ukinunua zawadi, tafuta kalamu ambayo mpokeaji hataambiwa "aah, hii ni kama ile ya..." Wako Wachina waliokwisha kuvuka hatua hiyo. PenBBS wa Shanghai walianza kama kundi la wapenzi wa kalamu, na leo wanakata miili ya akriliki kwa mafungu madogo, kila rangi na namba yake, nibu wakijitengenezea. Ukishika moja hutaitafutia baba yake Ulaya. HongDian nao wana miili ya chuma iliyochorwa kwa utulivu. Nibu zao nyingi ni za chuma cha pua, na sioni haya kuziita za kifahari. Pale Jiangxi kuna mji mdogo uitwao Wengang, ambako watu wametengeneza brashi za kuandikia karne na karne kabla ya kalamu hizi kuzaliwa, na sehemu kubwa ya kalamu za Kichina hutoka upande huo. Watu walioishi na nywele za brashi muda wote huo hawahitaji kufundishwa ncha ni nini.

Na ukitaka yenye jasho la kwetu, nunua kalamu ya Kichina yenye nibu ya ukubwa namba 6, saizi inayotumiwa na wengi hata ukaweza kubadilisha na ya Kijerumani baadaye, kisha mtafute fundi mwenye mashine ya kukereza akutengenezee mwili wa mpingo. Nilifanya hivyo mara moja. Fundi alitoboa taratibu, akiondoa keekee kila baada ya muda ipoe, kwa maana mpingo ukipata moto unapasuka, na vumbi lake jeusi likamwasha mikono siku mbili. Kipande kilichobaki nilikitumbukiza kwenye ndoo, kikazama kama jiwe. Mwambie fundi atumie mabaki ya vinyago. Mpingo hukua polepole mno, na tangu mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa ina masharti, kwa hiyo usipange kuupeleka gogo gogo ng'ambo.

Kuhusu wino ni maneno machache. Wino wa mhuri usitie, wala ule wa kuchorea wenye gundi ya laka. Utageuka saruji ndani ya kiulimi. Osha kalamu kwa maji ya vuguvugu kila unapobadilisha rangi. Fomu za ardhi, na Malili watu wanazijua fomu za ardhi, zitie saini kwa wino mweusi usiofutika kwa maji. Najua naandika haya mahali pa ajabu: ekari 5,000 za iliyokuwa Malili Ranch, serikali ilizinunua mwaka 2009 ili ijenge Konza, mji wa kompyuta, na Rais Kibaki akaweka jiwe la msingi Januari 2013. Huenda wajukuu wetu watatia saini kwa jicho. Mpaka siku hiyo ifike, mzee anayeuza ng'ombe bado anaomba kalamu.

Tulinunua Hero 100 kwenye duka rasmi la kampuni mtandaoni, ikatubakizia ya chupa ya wino na ya kitambaa. Mzigo ulikaa Nairobi siku nne, kisha ukaja kwa matatu ukiwa umefungwa kwenye mfuko wa unga. Niliijaza usiku ule, nikaiacha wiki nzima juu ya kabati chini ya mabati. Ilianza na herufi ya kwanza.

Siku ya sherehe mama mwenyekiti alimkabidhi boksi kwa uso wa mtu anayesubiri kuaibishwa. Mwalimu alivaa miwani, akavuta kifuniko, akaisogeza ile pua ya kobe karibu na jicho, hakusema neno. Akageuza karatasi ya ratiba upande mtupu na kuanza kuandika, kwa ule mwandiko wake wa kulala kidogo ambao wote tulijaribu kuuiga. Nikachungulia begani. Ilikuwa rejista ya darasa letu, jina moja baada ya jingine kwa mpangilio wa alfabeti, bila kusita. Alikuwa bado kwenye M, na Ukambani M haziishi, MC alipomwita akakate keki.